Dalili za Mimba Changa: Bel-Air, Lubumbashi

Dalili za mimba changa ni mabadiliko ya mwili na ya hisia yanayompata mwanamke katika wiki 12 za kwanza za ujauzito. Makala hii inaeleza jinsi zinavyojulikana na kukabiliwa katika mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga. Katika wiki hizo ndipo viungo vya mtoto huumbwa, na ndipo wanawake wengi huficha hali yao.

Mji na uzazi

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, na huduma za uzazi zikawa sehemu ya maisha ya kambi. Kwa hiyo kuzaa mikononi mwa wakunga wa hospitali si jambo geni katika mji huu, ambao leo una Hospitali ya Jason Sendwe, kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi na vituo vingi vya afya mitaani. Lakini kwenda hospitali kwa ajili ya kuzaa ni jambo moja, na kwenda mapema kupimwa ni jambo lingine. Wengi hungoja mpaka tumbo lionekane, kwa aibu, kwa kukosa pesa au kwa kuogopa jicho la watu wabaya.

Chanzo cha dalili

Yai lililorutubishwa hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Tangu hapo mwili hutoa homoni iitwayo hCG, ambayo mwanzoni huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Homoni ya projesteroni nayo hupanda, hulegeza misuli ya matumbo na kuleta usingizi. Kuhusu kutapika, utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa homoni ya GDF15, inayotoka zaidi upande wa mtoto, ina mchango mkubwa, hasa kwa mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba. Kichefuchefu basi si deko wala uvivu, na mume au mama mkwe anayelijua hilo atamtendea mjamzito kwa upole.

Dalili zenyewe

Dalili ya kwanza kwa wengi ni kukosa hedhi. Haitoshi peke yake, kwa kuwa hedhi huweza kuchelewa kwa ugonjwa, njaa, mawazo, kunyonyesha au sindano ya uzazi wa mpango. Wengine huona matone machache ya damu karibu na siku waliyotarajia hedhi, wakadhani ndiyo hedhi yenyewe.

Kichefuchefu huwapata wanawake wapatao 7 kati ya 10. Huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, hukolea karibu na wiki ya 9, na kwa wengi huisha kabla ya wiki ya 20. Huitwa cha asubuhi, lakini huja saa yoyote. Katika nyumba za Bel-Air, umeme unapokatika, jiko la makaa, yaani mbabula, huwashwa barazani: moshi wake na harufu ya samaki wakavu wakikaangwa hutosha kumfanya mwanamke aliyekuwa akiwapenda jana akimbilie nje leo, mkono mdomoni. Mara nyingi mama mzee wa nyumbani hugundua kwa ishara hiyo kabla ya mhusika kusema neno.

Dalili nyingine ni matiti kujaa na kuuma, chuchu kuwa nyeusi zaidi, uchovu mzito, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, mate kujaa mdomoni, hasira au machozi bila sababu, na hamu ya vitu fulani.

Kuthibitisha

Zamani maabara zilitumia chura jike wa Afrika Kusini, Xenopus laevis: alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ndani ya siku moja hivi, mimba ipo. Njia hiyo ilitumika tangu miaka ya 1930 mpaka vipimo vya kisasa vilipoishinda. Leo kijiti cha kupima mkojo hupatikana katika famasi za mitaa. Kitumiwe kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa kuja, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mstari mmoja ni hapana, miwili ni ndiyo, hata ule wa pili ukiwa hafifu. Jibu likiwa hapana na hedhi isije, pima tena baada ya wiki moja.

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na siku ya kuzaa hukadiriwa kwa kuongeza siku 280. Aliyeanza hedhi tarehe 5 Januari atarajie mtoto karibu na tarehe 12 Oktoba. Tarehe hiyo iandikwe, maana ndilo swali la kwanza la mkunga.

Kukabiliana na dalili

Kwa kichefuchefu, tumbo lisiachwe tupu wala lisijazwe kupita kiasi. Kabla ya kuondoka kitandani, tafuna kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchoma. Badala ya sahani moja kubwa ya bukari (ugali) mchana, kula kidogo kila baada ya saa 2 au 3. Chai ya tangawizi husaidia baadhi ya wanawake, na vitamini B6 huweza kutolewa na mhudumu. Mtu mwingine akiweza, apike yeye. Kwa choo kigumu, kunywa maji ya kutosha, na ule matunda, maharagwe na mboga kama lengalenga na sombe.

Tamaa ya kula pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni, huwashika wajawazito wengi. Udongo huo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na huweza kubeba risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwenye tamaa hiyo asifokewe. Apimwe damu, kwa kuwa mara nyingi tamaa ya udongo huenda pamoja na upungufu wa damu.

Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, iwe bia au lutuku. Dawa za kujinunulia, pamoja na mizizi mikali, ziachwe mpaka mhudumu aulizwe.

Malaria na madini

Homa katika mimba changa isihesabiwe kuwa dalili ya mimba. Ipimwe malaria siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha artemetha-lumefantrini hata katika miezi 3 ya kwanza. Dawa ya SP ya kukinga malaria huanza wiki ya 13, na kulala ndani ya chandarua ni kila usiku.

Kuhusu madini, mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile. Ulionyesha kuwa kasoro hizo zilihusiana na baba kufanya kazi ya migodini. Ni busara basi mchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo za kazi zisifuliwe na mjamzito.

Dalili za hatari

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ukiona damu nyingi, maumivu makali ya chini ya tumbo hasa upande mmoja, maumivu ya bega yanayoambatana na kizunguzungu, kuzimia, homa kali, au kutapika hata maji siku nzima. Maumivu ya upande mmoja pamoja na damu huweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na hiyo huua kwa kuvuja damu ndani.

Kliniki ya kwanza

Mfereji ambao hugeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu na wiki ya 6 ya mimba. Ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hufaa kuanzwa hata kabla ya kushika mimba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na wahudumu angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kuisha. Katika ziara hiyo, ambayo Lubumbashi huitwa CPN (consultation prénatale), hupimwa shinikizo la damu, kundi la damu, upungufu wa damu, kaswende na virusi vya ukimwi, na madini ya chuma huanza kutolewa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Majirani wanaweza kungoja kujua habari, lakini mkunga asingojeshwe: hedhi ikikosekana, pima, andika tarehe, na uende kliniki mwezi huohuo.