Kitundu Kidogo cha Moteri ya Mtumbwi

Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika twaijua hofu hii: moteri ya mtumbwi yakohoa, kisha yanyamaza kati ya mawimbi, na wote humgeukia nahodha. Mara nyingi moteri haikufa. Kabureta yake imeziba. Basi, tutazame chombo hicho kilitoka wapi.

Hapo kwanza moteri zilipata mvuke wa esansi kwa kupitisha hewa juu ya esansi yenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alileta njia nyingine. Esansi hukaa katika kibakuli chenye boya. Ikijaa, boya hupanda na sindano hufunga njia. Ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Hewa inayovutwa na moteri hupita kwa kasi penye shingo nyembamba, hufyonza esansi katika kitundu na kuitawanya kama ukungu.

Mwaka 1905 Mmarekani Cameron Waterman alijaribu moteri ya kufungwa nyuma ya mashua. Aliyeieneza zaidi ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe, aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto alivuka ziwa kwa makasia kumletea mchumba wake, Bess Cary, aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Mwaka 1909, mjini Milwaukee, alitengeneza moteri ya nguvu ya farasi mmoja na nusu, yenye uzito wa kilo 28 hivi. Bess, aliyekuwa sasa mkewe, aliandika matangazo akiwahimiza watu watupe makasia.

Moteri za jina la Evinrude zilikoma kutengenezwa mwaka 2020, na nyingi za siku hizi hazina kabureta tena. Lakini za zamani zingali zafanya kazi, na kuzitunza ni juu yetu.

Esansi iliyolala miezi mingi huacha utando kama gundi. Basi tufunge njia ya esansi, tufungue kabureta mbali na moto, tupange vipande juu ya kitambaa safi kwa taratibu ya kuvitoa, tuvioshe kwa esansi safi. Boya tulitikise: likisikika esansi ndani, limetoboka, nalo litazama na kuiacha esansi imwagike. Kitundu tukipulize kwa pumzi. Tusikichokoe kwa waya wa chuma, kwa maana kimepimwa, na kikipanuka moteri itakunywa kupita kiasi. Karatasi ya kuzibia iliyochanika tusiirudishe.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kitundu kidogo sana chaweza kuwakwamisha akina mama na watoto wao ziwani, upepo wa kusi ukivuma. Kwa hiyo tusafishe tungali pwani. Naye Bess atusamehe: makasia yetu hatuyatupi.