Usumbufu wa barakoa

Usumbufu wa barakoa ni joto, maumivu au kero nyingine inayompata mtu aliyefunika pua na mdomo kwa muda mrefu. Katika mwambao wenye unyevunyevu, kama kisiwani Pemba, jasho huanza mapema.

Jina lenyewe ni la kale kuliko korona. Katika karne ya 19 barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa jamaa ya Sultani wa Zanzibar, na aina yake bado huvaliwa Omani. Kitambaa kilichotiwa nili huacha rangi usoni mvaaji akitoka jasho.

Barakoa za kitambaa, zilizoshonwa kwa wingi tangu mwaka 2020, ni laini na hufulika, lakini hulowa kwa pumzi, na zikilowa hupitisha hewa kwa shida. Ile ya hospitali ni nyepesi. Kero yake ni mipira inayoumiza masikio na mvuke unaotia ukungu miwani. N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, hubana zaidi, hata kuacha vidonda juu ya pua. Kubana huko ndiko kunakoifanya ifae: ikilegezwa, hewa hupita pembeni bila kuchujwa.

Wengi hudhani wanakosa hewa. Kwa mtu mwenye afya, kinachosumbua hasa ni joto na unyevu.

Darasani mwalimu hulazimika kupaza sauti, na mwanafunzi kiziwi anayesoma midomo hukosa somo zima.