Shibiri Moja ya Bahari

Ukifika Pangani ukavuka mto kwa pantoni hadi Bweni, kisha ukashika njia ya kusini, utaona mkonge mkono wako wa kulia na minazi mkono wako wa kushoto. Nyuma ya minazi ni bahari. Hapo katikati, kama karatasi iliyobanwa baina ya vitabu viwili, ndipo kilipo kijiji cha bibi yangu mzaa baba. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam, nakiri mapema nisije nikaonekana najipa umwinyi wa pwani nisioujua. Kasia nimelishika mara mbili tu, na mara zote mbili nilicheka peke yangu kwa aibu.

Mwaka jana, katika bamvua la mwezi wa tatu, maji yaliingia jikoni kwa Bibi. Hayakubomoa kitu. Yaliingia, yakazima mafiga, yakatoka. Lakini baada ya siku tatu baba yangu mdogo akanipigia simu: ukuta wa nyuma umeanza kulika chini, familia imekaa na kuamua tuchange, tumjengee Bibi nyumba ya tofali za saruji palepale. "Wewe ndiye umesoma," akasema, "tuambie kama tunafanya jambo la maana." Basi ikawa hivyo. Mtu aliyesoma historia akaulizwa habari ya saruji.

Nilianza pale historia ya kwetu inapoanzia, yaani kwenye kisiwa ambacho hakipo.

Bibi ananiita "mume wangu", kama ilivyo desturi ya bibi wa pwani kwa mjukuu wa kiume, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akinieleza jinsi babu alivyokuwa akienda dago Maziwe na wenzake. Wanavuka kwa ngalawa, wanatua, wanalala chini ya mivinje, wanakausha samaki siku nne tano ndipo warudi. "Kivuli cha huko, mume wangu, kilikuwa kama cha msikitini." Nami nikitazama baharini naona maji matupu. Nikajua ni za paukwa pakawa hizo, mzee anamtia usingizi mtoto.

Kumbe kilikuwepo. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na mivinje na vichaka, na mchanga wake ulikuwa miongoni mwa mazalio mashuhuri ya kasa katika pwani yote ya Tanzania, kasa wa aina tatu wakipanda pale kutaga. Serikali ikakiweka katika hifadhi. Halafu kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ardhi yenyewe ikaondoka. Miti ikaisha, mchanga ukachukuliwa, na maji yakijaa pakabaki bahari. Leo ukienda maji yakitoka utakuta fungu jeupe la mchanga, watalii wanapigia picha, na saa chache baadaye limezama. Hifadhi bado ipo, lakini kisiwa hakipo. Kasa, kwa ukaidi wao, bado wanakuja kutaga kwenye fungu lile, na watu wa Ushongo huyahamisha mayai kwa mikono hadi ufukweni bara ili yasizame. Mwaka 2007 Tanzania ilipotoa mpango wake wa taifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, Maziwe lilitajwa humo, pamoja na Fungu la Nyani la huko Rufiji, kama visiwa vilivyomezwa na maji. Nilipoyasoma hayo nilijisikia vibaya. Miaka yote ile Bibi alikuwa akinisimulia historia, mimi nikamwekea alama ya hadithi.

Sasa, nini kilikiua? Hapa vijana wenzangu tusiwe na papara. Wapo wanaosema miti ilikatwa, na mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Wapo wanaotaja mawimbi, mikondo na kupanda kwa bahari. Nadhani huna haja ya kuchagua mmoja. Wanasayansi wa jopo la kimataifa la tabianchi wanasema kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Nyoosha kidole gumba na cha mwisho: ni shibiri moja, pungufu kidogo. Unaweza kucheka. Shibiri moja kwa miaka mia na zaidi! Lakini ufukwe wetu si ukuta uliosimama, ni mteremko mdogo sana, na maji yakipanda shibiri moja kwenda juu, yanakwenda hatua nyingi kuelekea mlangoni kwako. Tena mwendo umeongezeka: kati ya mwaka 2006 na 2018 bahari ilikuwa ikipanda milimita 3.7 kwa mwaka.

Je, wazee wetu walifanyaje? Swali hili ndilo lililoninyima usingizi, maana pwani hii haijawahi kutulia hata siku moja. Tazama Kaole, karibu na Bagamoyo. Pale pana magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, mji uliokuwa na bandari yake. Leo mbele ya magofu ni mikoko na matope. Inasemwa kwamba bandari ilijaa mchanga na mikoko, vyombo vikashindwa kuingia, na watu wakasogea kilomita chache kaskazini kwenye mji ambao sote tunaujua. Hapo bahari iliondoka badala ya kuja, lakini jawabu ni lilelile. Walihama. Nyumba ya watu wengi ilikuwa ya boriti za mikoko, udongo na makuti. Ikiliwa na bahari unachomoa boriti zilizo nzima, unasogea nyuma, ndugu wanakuja kukandika udongo, siku chache mtu yuko ndani. Ukisoma vitabu vingine utadhani udongo na makuti ni dalili ya unyonge tu. Mimi sasa naona ulikuwa pia ni ufundi wa watu waliojua wanaishi na jirani gani.

Basi kwa nini Bibi asihame? Hapo ndipo nilipokutana na mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto Pangani, na kutokana na hiyo likazaliwa zao lililokuja kuiweka Tanganyika katika ramani ya dunia. Tulikariri hayo shuleni, tukajibu mtihani, tukasahau. Hatukuambiwa upande wa pili wa habari: kila shamba kubwa lina mipaka. Miaka minne tu kabla, Desemba 1889, Abushiri bin Salim alinyongwa palepale Pangani kwa kuwapinga Wajerumani, na baada yake hapakuwa na wa kuuliza ardhi ya nyuma ya vijiji ni ya nani. Wakulima wakubwa walichukua nyuma, wavuvi wakabaki mbele. Wakati ule haikuonekana hasara, maana riziki ilikuwa mbele, na minazi vilevile. Miaka 130 baadaye bahari inasogea, na mtu akigeuka nyuma anakuta mpaka uliochorwa zamani hizo. Ndiyo maana nasema nyumba ya Bibi imebanwa na karne mbili, maji upande huu na ramani upande ule.

Na mto nao una yake. Katika miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu, na mwaka 1995 kituo kipya cha umeme cha Pangani kikaanza kazi. Umeme tunautaka, sisemi vinginevyo, naandika haya chini ya taa. Lakini maji matamu yakipungua yakifika chini, maji ya chumvi hupanda mto kujaza nafasi, na minazi iliyo karibu na mlango wa mto huanza kukauka kileleni. Mchanga nao unaozuiliwa bwawani haufiki ufukweni.

Nilikwenda kijijini mwezi wa saba, na kwa bahati siku ile palikuwa na mkutano. Walikuja vijana wa rika langu, wenye kompyuta na ramani nzuri ya rangi, kueleza mpango wa kujihami na mabadiliko ya tabianchi. Walikuwa waungwana, hawakujifanya wajuaji. Kwenye ramani, nyuma ya kijiji, palikuwa na kipande cha kijani kilichoandikwa eneo la kuhamia. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito akanyanyua mkono. "Wanangu, ahsanteni. Hapo kwenye kijani ni pa nani?" Kijana mwenye ramani akatazama ramani, akamtazama mwenzake. Mtu hakucheka. Wakaliandika swali lile, na kwa kweli naamini lilikuwa ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa siku ile.

Sitaki mtu aseme kwamba wataalamu hawana kazi. Mkoa wa Tanga wenyewe una mfano: mwaka 1994 ulianza mradi wa hifadhi ya ukanda wa pwani ambapo wanavijiji walikaa na maafisa, wakakubaliana kufunga baadhi ya miamba isivuliwe, wakafanya doria dhidi ya baruti na kupanda mikoko. Kusini mwa Kenya, Gazi, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Ikaanza kupandwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kwa mpango wao wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu huo na kutumia fedha kwa maji na shule. Hapo mpango ulianza na kitu ambacho watu wana mamlaka nacho. Kwetu Dar tuna ukuta wa mawe na zege kando ya bahari, uliozinduliwa mwaka 2018, na jioni vijana tunakaa juu yake tukila mihogo. Unazuia maji, haukatai. Lakini huwezi kujenga ukuta wa namna ile mbele ya kila kijiji kutoka Jasini hadi Msimbati, si mchezo.

Usiku ule nikamwambia baba mdogo maoni yangu: tusijenge tofali palepale. Tujenge nyumba ya boriti na udongo kando ya barabara, kwenye kipande chetu kidogo kilicho juu, nyumba inayoweza kuchomolewa, na pesa itakayobaki iende kwenye nauli na karatasi za kufuatilia ile ardhi ya kijani. Baba mdogo akanyamaza. Kwake tofali ni heshima. Kijana yuko Dar na mama yake analala kwenye udongo, watu watasema nini? Nikamwelewa, lakini sikuwa na jawabu.

Bibi alikuwa akisikiliza. Akauliza, "Na babu yako mnampeleka wapi?"

Kaburi la babu liko mbele, upande wa bahari, chini ya mkwaju. Hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Asubuhi, maji yalipojaa, Bibi alinichukua hadi mkwajuni. Akasimama kwenye jiwe la kichwani, akaniambia nitembee hadi pale povu lilipoishia, kwa hatua za kawaida, nisitanue miguu kama askari. Nilihesabu hatua 31. Akaniambia niandike kwenye daftari, niweke na tarehe, na kila nikija nihesabu tena maji yakijaa.

Nyumba ya udongo ilikwisha mwezi wa kumi na moja. Bibi amehamishia humo vyombo na kuku, lakini usiku bado analala kule mbele. Nilipokwenda mwezi wa nne mwaka huu nilihesabu mara mbili, sikuamini ile ya kwanza. Hatua 27.