Pishi, Mdako na Bao: Hesabu za Mtoto wa Pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, mtoto alizoea hesabu jikoni na barazani kabla hajashika kalamu, kwa kuwa nafaka ilipimwa kwa ujazo, na vipimo vyenyewe vilikuwa na mpangilio wa kujirudufu: vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi. Aliyetumwa kupima mchele wa chakula cha jioni alikuwa, bila kuambiwa, anagawanya kwa mbili na kwa nne.

Mdako, mchezo wa kurusha kijiwe juu na kukomba vingine shimoni kabla hakijadakwa, ulidai zaidi, kwani mchezaji alirudisha vijiwe shimoni akibakisha kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na aliyekosea idadi alimpisha mwenzake. Lakini shule kubwa ilikuwa mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, ambazo aghalabu ni komwe, yaani mbegu ngumu za mkomwe. Wanaoanza hupewa bao la kujifunza, ambamo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo. Mtoto huzigawa moja moja kwa kidole, ilhali fundi hutambua kwa jicho tu kete ya mwisho itaangukia wapi.

Kilo imeiondoa pishi katika maduka mengi, ingawa katika zakatulfitri bado ndiyo inayotajwa, na watoto huiona ikipimwa kila mwisho wa Ramadhani.