Asili Sita, Lango Moja

Tarehe 8 Machi 2011 kampuni ya BioWare, ya kule Edmonton, Kanada, ilitoa gemu ya Dragon Age II. Kabla wiki haijaisha mashabiki walikuwa wamewaka. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za gemu, wakosoaji wa magazeti waliiweka karibu na 80 kwa 100. Wachezaji wenyewe wakaipa chini ya 5 kwa 10. Ni kama mwalimu ampe mtoto B halafu darasa zima lisimame liseme huyu ameanguka, arudie.

Kuelewa hasira hiyo lazima urudi Novemba 2009, kwa gemu ya kwanza, Dragon Age: Origins. Hizi ni gemu za RPG, zile unavaa uhusika wa mtu na kumuamulia maisha, na hii iko kwenye bara la kubuni linaloitwa Thedas, lenye mazimwi, wachawi na majeshi ya majitu yanayotoka chini ya ardhi. Jina lenyewe linataja asili, na ukianza, swali la kwanza ni hilo: wewe ni nani, umetoka wapi? Majibu yalikuwa sita. Unaweza kuwa binadamu, mtoto wa kabaila. Unaweza kuwa mchawi aliyelelewa mnarani chini ya ulinzi. Elfi wa mjini, anayeishi kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta. Elfi wa porini anayehamahama na ukoo wake. Mbilikimo wa nasaba ya kifalme, au mbilikimo wa tabaka la chini kabisa, yule ambaye kwao hahesabiwi hata kuwa mtu. Kila asili ilikuwa na mwanzo wake wa kucheza, na baadaye dunia ilikukumbuka. Ukiwa elfi, kuna watu wanakuona tu wanadhani wewe ni mtumishi.

Maze, kwa msee wa Isiolo hiyo si fantasia. Huu ni mji ambao Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru wanauziana maziwa na miraa kila siku, na bado mtu akikusikia ukiongea anataka kujua wewe ni wa nani. Na swali hilo limekuwa na karatasi zake tangu zamani. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa baadhi ya Wasomali kwenye kundi la "wenyeji". Miaka ya 1930 Wasomali wa Isaaq, wengine wakiwa familia za askari waliopewa makao hapa Isiolo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walipigania wahesabiwe pamoja na Waasia, ingawa Waasia walitozwa kodi kubwa zaidi. Fikiria watu wanaandikia serikali barua wakiomba walipe kodi zaidi! Lakini walijua wanachofanya. Kundi uliloandikiwa ndilo liliamua unaishi wapi, unapita wapi na unahudumiwa vipi.

Kwa hivyo naelewa kwa nini watu waliipenda Origins vile waliipenda. Naelewa pia walivyojisikia sehemu ya pili ilipokuja bila hizo asili sita.

Kwenye Dragon Age II wewe ni binadamu, na jina la ukoo wako ni Hawke. Unachagua kuwa mwanamume au mwanamke, shujaa wa upanga, mchawi au mwizi, basi. Zamani mhusika wako alikuwa kimya na wewe ulisoma sentensi nzima kabla ya kuichagua. Sasa ana sauti ya mwigizaji, na unachagua vifungu vifupi kwenye duara, halafu mara nyingine Hawke anafungua mdomo anasema kitu ambacho hukukusudia hata kidogo. Kamera ya kutazama vita kutoka juu iliondolewa. Vita vyenyewe vilienda mbio, na ukidhani umemaliza, maadui wengine wanaruka kutoka hewani. Nguo za wenzako huwezi kuwabadilishia. Na mapango! Pango ni moja, limetumiwa tena na tena, wamefunga tu mlango huu leo na ule kesho wakitumai hutagundua. Kwa mapango sina utetezi wowote.

Sababu ilikuwa kalenda. Origins ilikuwa imechukua zaidi ya miaka mitano kutengenezwa. Sehemu ya pili ilitengenezwa kwa karibu mwaka mmoja na robo. Electronic Arts, waliokuwa wameinunua BioWare, walikuwa wakingoja gemu yao nyingine kubwa ya Star Wars iliyochelewa, na pengo hilo la mapato lilihitaji kitu cha kuliziba. Mike Laidlaw, aliyeongoza usanifu wa gemu hiyo, hakutaka hata iitwe ya pili. Alitaka jina liwe Exodus. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili kitabu hicho kinaitwa Kutoka. Watu wa mauzo wakakataa, wakabandika namba mbili.

Kwangu nusu ya ugomvi wote iko kwenye hiyo namba. Ukiandika mbili umeahidi kuendeleza moja. Ukipanda matatu stendi ya Isiolo imeandikwa Nairobi, halafu ikushushe Nanyuki, hutakaa hapo kusifu viti. Nanyuki yaweza kuwa mji mzuri kuliko unavyodhani, lakini siku hiyo hutauona.

Na huo mji mashabiki hawakuuona, angalau si mwaka huo. Familia ya Hawke inakimbia kijiji cha Lothering kikiteketea. Ndugu yako mmoja anauawa njiani, na hamna muda wa kumzika vizuri. Mnavuka bahari hadi Kirkwall, mji uliokuwa soko la watumwa, ambao bandarini bado una sanamu kubwa za shaba za watumwa wakilia. Wakimbizi wamejaa hapo hadi hakuna pa kukanyaga. Askari wanasema mji umejaa, rudini mlikotoka. Mama anawaeleza kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa, ana ukoo, ana nyumba ya baba yake. Nani anamsikiliza? Nyumba yenyewe, kaka yake ameshaipoteza kwa madeni. Njia ya kuingia ni moja: upate mtu wa kuwalipia, na wewe umtumikie mwaka mzima, ama kwa wasafirishaji wa magendo ama kwa askari wa kukodiwa. Unachagua bwana wako, unapita langoni, na mwaka huo gemu inauruka. Hauonyeshwi hata siku moja.

Nilipoicheza ilikuwa miaka mingi baada ya kelele. Kwenye vyumba vya PS hapa mjini RPG haichezeki. Unalipia mechi, na ni FIFA, foleni iko nyuma yako inapiga makelele. Gemu ya saa arobaini utaanzia wapi? Inakufikia kwa hard disk ya mtu, ukiwa peke yako, na stima ikipotea kama hukusevu ni shauri yako. Kwa hivyo sikuwa nikiomboleza kitu. Nilimwona tu huyo mama langoni akitaja jina lake, na nikajua lile lango.

Lango letu liko mwisho wa mji, barabara inapoelekea kaskazini. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1934 wakaongeza nyingine iliyomkaza mtu wa kaskazini zaidi. Kuingia au kutoka eneo lililoitwa Northern Frontier District kulihitaji kibali, na Isiolo ndipo palikuwa mlangoni. Uhuru ulikuja lango likabaki. Vita vya shifta vilianza 1963, vikaisha 1967, na hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Lami nayo iliishia hapa hapa, hadi ile ya kwenda Moyale ilipokamilika si miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana hadi leo utasikia mtu wa kaskazini akishuka kuelekea kusini akisema anaenda Kenya. Wageni wanacheka wakidhani ni mzaha. Februari 2025, huko Wajir, Rais Ruto alitangaza kufuta ule usaili wa ziada ambao vijana wa kaskazini walipitishwa ili kupata kitambulisho. Kabla ya hapo ulikaa mbele ya kamati ukieleza baba ya babu yako alizikwa wapi.

Sasa, simaanishi mashabiki walikosea kwa sababu mimi nimeguswa na lango. Aliyecheza Origins kama elfi wa mtaa wa ukuta alipoteza kitu cha kweli. Alikuwa na fomu yenye nafasi yake, akarudi akakuta kuna kisanduku kimoja kimejazwa tayari: binadamu, Hawke. Mtu wa hapa hawezi kumwambia hilo ni jambo dogo. Lakini pia hadithi ya mama na nyumba ya baba yake haingewezekana kwa asili sita. Mbilikimo wa tabaka la chini hana shamba la ukoo Kirkwall. Waandishi walilazimika kuchagua, wakachagua familia moja na kuichimba.

Mwisho wa gemu uliwaudhi zaidi. Mji unagawanyika kati ya wachawi na askari wanaowalinda, unalazimika kuchukua upande, na upande wowote utakaochukua unaishia kupigana na viongozi wote wawili. Mashabiki wakasema wametapeliwa, uamuzi wao haukuwa na maana. Kama ufundi, wako sawa, mwisho ule ulifanywa haraka na inaonekana. Lakini malalamiko yenyewe yana kitu cha mtu ambaye hajawahi kubanwa katikati. Wakati wa shifta watu wa Garbatulla na Merti walifungiwa kambini, mifugo yao ikaisha, na wengi wao hawakuwa wameshika bunduki ya upande wowote.

Halafu hasira ikaacha gemu ikaingia kwa watu. Mchezaji mmoja alilalamika kwamba BioWare imemsahau mwanamume wa kawaida, kwa sababu mhusika wa kiume alimtongoza Hawke wake. David Gaider, mwandishi mkuu, alimjibu kwa ufupi kwamba hadithi hizi ni za wachezaji wote. Jennifer Hepler hakupata bahati ya mjadala. Yeye alikuwa mmoja wa waandishi, na mwaka 2012 watu walifukua mahojiano yake ya 2006, ambamo alisema angependa mchezaji aweze kuruka vita kama vile anavyoweza kuruka mazungumzo. Wakamtumia matusi, wakampigia simu za vitisho, wakawataja na watoto wake. Kwa mapango ya kurudiwa? Hapo hata neno ushabiki silioni. Na tabia hiyo haikuisha. Mwaka 2024, Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, gemu iliyochota kwa utamaduni wa Wabantu na kutengenezwa kwa ajili ya kumkumbuka babake. Ilibidi ajitokeze hadharani kuzungumzia ubaguzi wa rangi uliomwagiwa yeye na timu yake.

BioWare walisikia, hilo lazima tuseme. Nyongeza iliyopangwa kwa Dragon Age II, Exalted March, ilifutwa 2012. Novemba 2014 ikaja Dragon Age: Inquisition ikiwa na ardhi pana hadi wengine wakalalamika ni pana mno, kamera ya juu ikarudi, na unaweza tena kuwa elfi au mbilikimo, hata Mqunari mwenye pembe. Ikashinda gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Lakini angalia vizuri. Asili zilirudi kama maandishi mafupi unayosoma pale unapochagua sura. Ule mwanzo wa kuchezwa, ule wa kukaa mtaani kwenu kabla dunia haijakuvamia, haukurudi. Kelele za 2011 hazikusikika tena kwa kiwango kile. Visanduku vilikuwa vimerudi kwenye fomu na bana, kumbe wengi iliwatosha.

Siku hizi utapata watu wanaosema Dragon Age II ndiyo yenye wenzako bora kuliko zote. Waliokuwa wakiipiga mawe wanaikumbuka vizuri, hasa baada ya The Veilguard ya Oktoba 2024 kuwapa kitu kipya cha kugombania.

Kuna jambo moja limewekwa ndani ya gemu yenyewe ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Hadithi yote ya Hawke inasimuliwa na Varric, mbilikimo mwongo mwenye maneno matamu, akiwa amekalishwa kitini na Cassandra, mwanamke anayemhoji. Anaanza kwa kumkuza Hawke hadi anakuwa kama Fumo Liyongo, na Cassandra anamkatiza papo hapo: acha uongo, anza upya. Yaani watengenezaji walikuwa wamemweka shabiki mwenye hasira ndani ya gemu kabla mashabiki wa kweli hawajakasirika. Kwenye Inquisition wawili hao wanakutana tena, na inagundulika kwamba Cassandra huyo huyo amekuwa akisoma kwa siri riwaya za mapenzi za Varric, zile ambazo Varric mwenyewe anaziona mbovu kuliko zote alizoandika. Hadithi iliachwa njiani, na anataka kujua kilichofuata. Varric anaduwaa. Halafu anakaa chini, kwa ajili ya msomaji mmoja tu, anaandika sura inayofuata.