Bond Hakuwahi Kuzaliwa: Majina ya Kericho na Siri Zake

Nilikulia Soin, upande wa chini wa Kaunti ya Kericho. Katika Kikipsigis, soin ni nchi ya chini yenye joto, na mosop ni nchi ya juu yenye baridi. Kwetu sisi, kwenda mjini kulikuwa ni kupanda: unaacha miwa nyuma, unaingia kwenye majani chai.

Juzi nilikuwa ndani ya matatu. "Brooke kuna mtu?" makanga akauliza. "Iko!" akajibu mama mmoja, huku akikusanya mizigo yake. Kijana wa shule aliyeketi kando yangu, labda kwa kuona daftari za wanafunzi nilizopakata, akanigeukia: "Mwalimu, Brooke ni neno la Kikipsigis?" Nilicheka, kisha nikaona aibu. Hata mimi utotoni niliamini hivyo. Tulilitamka "Buruku" na kudhani kwamba ni jina la mzee fulani wa zamani.

Kwa kweli, ni jina la mzee wa zamani, ila hakuwa wa kwetu. Arthur Brooke alifungua duka lake la kwanza la chai mjini Manchester, Uingereza, mnamo 1869. Duka likakua na kuwa kampuni ya Brooke Bond. Je, Bond alikuwa nani? Hakuwepo! Brooke hakuwa na mshirika wa jina hilo. Aliliongeza kwa kuwa lilipendeza masikioni. Alifariki mwaka wa 1918, kabla ya kampuni yake kuanza kulima chai Kericho katika miaka ya 1920. Hivyo basi, kituo chetu kina jina la mtu ambaye hakuwahi kuchuma hata jani moja la Kericho, na mashamba yalimilikiwa kwa jina la watu wawili ambao mmoja wao hakuwahi kuzaliwa.

Kabla ya chai kulikuwa na kitani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimega takribani ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis na kuwapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaporomoka, mradi ukafa. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Iliangukia mikononi mwa kampuni za chai. Hayo yote yamejificha nyuma ya neno moja analolitamka makanga kila siku bila kufikiri.

Majengo nayo yana vituko vyake. Chukua Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni hiyohiyo katika miaka ya 1950. Kwa Mkenya wa kawaida, hoteli ni mahali pa kula. Hoteli ya chai ni kibanda chenye benchi, birika na sahani ya mandazi. Mara ya kwanza nilipolisikia jina hilo nikiwa mtoto, nilimsihi baba anipeleke nikanywe chai huko. Baba alinitazama tu. Neno lilikuwa moja, lakini Kiingereza chao kilimaanisha malazi ya wakubwa, na Kiswahili changu kilimaanisha mandazi mawili.

Si kila jina linachekesha. Kipkelion ya leo, iliyo kwenye reli iliyofika Kisumu mnamo 1901, zamani iliitwa Lumbwa. Wakoloni walilitumia neno hilo kwa Wakipsigis wote, wakiwa wamelitoa kwa Wamaasai, ambao waliwaita hivyo watu waliolima badala ya kufuga tu. Lilikuwa jina la dharau tangu mwanzo. Lilipoingia katika masikio ya wasemaji wa Kiswahili, likazidi kuoza. Litamke polepole, msomaji wangu: Lu-mbwa. Umemsikia mnyama aliye ndani yake? Hebu fikiria mtu mzima akisimama mbele ya karani na kujitambulisha hivyo. Jina hilo lilistahili kuzikwa, na likazikwa.

Karibu na hapo pana Fort Ternan, mahali palipopewa jina la Trevor Ternan, afisa wa kijeshi wa Uingereza. Hapo ndipo Louis Leakey alipochimbua mabaki ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takribani miaka milioni 14 iliyopita. Mnamo 1962 alimpa jina Kenyapithecus wickeri. Wickeri ni kwa heshima ya Fred Wicker, mlowezi aliyekuwa na shamba hilo. Yaani kiumbe aliyetangulia binadamu wote alipewa jina la mtu aliyefika juzi! Sijui mfano bora zaidi wa nguvu ya hatimiliki.

Na majina pia husafiri kutoka kwetu kwenda nje. Gurdwara kubwa ya Masingasinga iliyo kando ya barabara kuu mjini Kericho inamkumbuka Baba Puran Singh, fundi aliyeishi na kufanya kazi hapa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Huko Birmingham, wafuasi wake humwita Kerichowale, yaani "wa Kericho" kwa Kipunjabi. Linganisha na kap- ya Kikipsigis katika majina kama Kapkatet na Kapsoit, yenye maana ya "kwa" au "nyumbani kwa". Kap- humfunga mtu na mahali, na kiambishi cha Kipunjabi hufunga mahali na mtu. Mji uliobandikwa majina ya Waingereza ukawa jina la heshima katika mtaa wa Waingereza.

Basi nilimjibu nini yule kijana? Nilimsimulia habari za Bond, akacheka hadi abiria wakageuka. Kisha akauliza swali zito zaidi: "Kwa nini tusilibadilishe?" Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Unilever mnamo 1984, na mwaka wa 2022 Unilever nayo ikaiuza biashara hiyo ya chai. Mwenye jina ameondoka, jina limebaki.

Kwa maoni yangu, Lumbwa na Brooke si kesi moja. Lumbwa lilikuwa tusi, na tusi halihifadhiwi kwenye kibao cha stesheni. Brooke ni ushahidi. Madai ya Wakipsigis kuhusu ardhi waliyonyang'anywa hayajaisha, na katika kesi ya ardhi, anayefuta jina la aliyekuwa akiishikilia hujinyima shahidi. Jina libaki, lakini lisibaki bubu. Walimu walisimulie darasani, na wazazi walisimulie nyumbani.

Kijana alishuka kabla yangu. Akiwa mlangoni alimuuliza makanga, "Wewe, unamjua Bond?" Makanga akamjibu, "Huyo hupanda gari gani?"