Kipimajoto na Kalorimita: Historia ya Kupima Joto la Mwako

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya kemia ni zile zihusuzo joto litokalo katika fueli inapowaka. Tatizo hilo si la Kiswahili peke yake. Lugha za Ulaya nazo zilihangaika na majina hayo kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia ya mahangaiko hayo ina mafunzo kwa kila mwenye kazi ya kusanifu maneno.

Hadi katikati ya karne ya 18, wataalamu wengi hawakutenga vizuri kiasi cha joto na ukali wake. Mskoti Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Glasgow, ndiye aliyeidhihirisha tofauti hiyo mnamo miaka ya 1760. Alionyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi, na hali kipimo kilichotumbukizwa humo hakipandi hata kidogo. Kwa hiyo joto ni kitu kimoja, na halijoto ni kitu kingine.

Wakati wa majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783, Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace waliutumia ujuzi huo kupimia mwako. Waliunda chombo chenye vyumba vitatu. Chumba cha ndani kiliwekwa kitu cha kuchomwa, kwa mfano mkaa. Cha kati kilijazwa barafu. Na cha nje kilijazwa barafu pia, ili kuzuia joto la hewa lisipenye. Maji yaliyochuruzika kutoka chumba cha kati yalipimwa uzito, na uzito huo ukawa ndio kipimo cha joto lililotoka.

Katika kitabu chake cha mwaka 1789, Lavoisier alikiita chombo hicho kalorimita. Alijua kwamba angelaumiwa, maana alikuwa ameunganisha neno la Kilatini na la Kigiriki. Alijitetea kwamba katika sayansi, uwazi wa maana hustahili kutangulizwa mbele ya usafi wa asili ya neno. Aidha, aliamini kuwa joto ni aina ya kiowevu kisicho na uzito, alichokiita kaloriki. Majaribio ya Mwingereza James Joule, katika miaka ya 1840, yalithibitisha kwamba joto ni namna ya nishati. Imani ya kaloriki ikafa, lakini kalorimita ikabaki. Istilahi basi hudumu kwa kazi ifanyayo, hata kama fikra iliyoizaa imekwisha kutupwa.

Mwaka 1881 Marcellin Berthelot alileta kalorimita ya bomu, yaani chombo imara cha chuma kilichojazwa oksijeni kwa kani kubwa na kuzamishwa majini. Vipimo vikawa sahihi zaidi. Hata hivyo, fueli iwakayo ndani ya chombo kilichofungwa haitoi kiasi kile kile cha joto ambacho ingetoa mahali pa wazi, ambapo kanieneo ya hewa haibadiliki. Kiasi hiki cha pili kilihitaji jina lake. Neno enthalpi, linalohusishwa na Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, lilichapishwa mwaka 1909; asili yake ni Kigiriki, kwa maana ya kupasha moto ndani.

Jaribio la shuleni hupima enthalpi hiyo hiyo kwa vifaa duni: kopo la shaba lenye maji, taa ya spiriti, mizani na kipimajoto. Tuchukue mfano. Gramu 0.46 za ethanoli, ambazo ni moli 0.01, zikiwaka na kupandisha halijoto ya gramu 100 za maji kwa nyuzi 20 za Selsiasi, maji yamepokea jouli 8,360. Kwa moli moja ni kilojouli 836. Thamani inayokubalika ni kilojouli 1,367. Pengo hilo kubwa husababishwa na joto lipoteleapo hewani, joto linalobaki katika kopo, na mwako usiokamilika, ambao huacha masizi chini ya kopo.

Sasa mwalimu na aandike ubaoni: joto ni sawa na tungamo mara joto mahususi mara badiliko la joto. Neno joto limetajwa mara tatu, na halina maana moja. Mwanafunzi hawezi kujua kipi kimepimwa kwa jouli na kipi kwa nyuzi. Akiandikiwa badiliko la halijoto, utata huondoka mara moja.

Kwa upande wa kipimajoto, ni kweli kwamba hakipimi joto bali halijoto. Lakini neno hilo limekwisha zoeleka, na mfano wa Lavoisier watutosha kutolifukuza. La muhimu ni kutolipachika pia kwenye kalorimita. Vivyo hivyo, mwako utengwe na kuungua: taa huwaka, bali chakula huungua. Fueli katika jaribio letu inawaka, na kinachopimwa ni badiliko la enthalpi ya mwako. Mfasiri akizingatia mipaka hiyo, msomaji ataielewa hesabu bila kulazimika kurejea kitabu cha lugha ya kigeni.